Cheti Kilicho Hai na Ruhusa Iliyokwisha: Kisa cha Mhudumu wa Dharura wa Texas

Jumatano ya tarehe 9 Julai 2025, saa 12 kasorobo jioni, nilipigiwa simu na kijana ambaye miaka minne kabla yake nilimsaidia kujiandaa kwa mtihani wa uhudumu wa dharura. Alinipa shikamoo kama kawaida yake, nikaitikia marahaba, kisha akanyamaza kidogo kabla ya kusema neno lililonifanya niandike uchambuzi huu: "Mwalimu, wamenishusha garini. Wanasema cheti changu kimekwisha, nami ninacho hapa mkononi, kimeandikwa 2027."

Hakuwa anasema uongo. Kadi aliyoishika ilikuwa halali hadi tarehe 31 Machi 2027. Wala msimamizi aliyemshusha garini hakukosea. Watu wawili walisimama kando ya gari moja, kila mmoja akasema kweli, na bado mmoja wao alikuwa amekwisha kufanya kazi usiku wa zamu nne bila ruhusa ya jimbo. Nimeacha majina ya mhusika, ya mwajiri wake na ya hospitali alizozihudumia, kwa kuwa ninachotaka kieleweke ni namna jambo lenyewe lilivyotokea, ili Mswahili mwingine aliye ndani ya gari la wagonjwa huko Marekani aitazame kadi yake leo hii kwa macho mengine.

Mhusika alikulia katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Alipelekwa Abilene, mji wa Texas ya magharibi ambao umewapokea Wakongo wengi, akafanya kazi za usafi hospitalini huku akisoma jioni. Mwezi Mei 2021 alifaulu mtihani wa kitaifa wa ngazi ya EMT, yaani fundi wa tiba ya dharura wa ngazi ya msingi, na mwezi uliofuata akapewa cheti cha jimbo la Texas kilichoonyesha kuwa kitaisha tarehe 30 Juni 2025. Mwaka 2023 alihamia Fort Worth, akaajiriwa na kampuni binafsi ya magari ya wagonjwa inayowasafirisha watu wanaokwenda kusafishwa damu na wanaoruhusiwa kutoka hospitali kwenda makao ya wazee. Katika muda wote huo hakuwahi kukosa zamu, na kila somo la kujiendeleza alilolipitia alilihifadhi katika faili moja la plastiki ambalo nimeliona kwa macho yangu, likiwa na vyeti vya masomo vilivyopangwa kwa tarehe.

Sasa tuzitazame hizo karatasi mbili, kwa maana ugumu wote umo humo.

Karatasi ya kwanza ilitoka kwa Rejista ya Taifa ya mafundi wa tiba ya dharura, ambayo walio kazini huiita NREMT. Hicho ni chombo kilichoanzishwa mwaka 1970, chenye makao yake mjini Columbus, Ohio, na kazi yake ni kupima uwezo wa mtu na kutoa ushahidi kwamba uwezo huo upo. Cheti chake cha ngazi ya EMT hudumu miaka miwili na humalizika tarehe 31 Machi. Anayetaka kukihuisha hukamilisha saa 40 za masomo ya kujiendeleza, yaani 20 za sehemu ya kitaifa, 10 za mahitaji ya mahali anapofanyia kazi na 10 anazojichagulia mwenyewe, au akipenda hurudi kufanya mtihani. Mhusika alihuisha mwaka 2023 kwa njia ya masomo, akahuisha tena mwezi Machi 2025 wiki mbili kabla ya siku ya mwisho, na kadi mpya ikamjia ikiwa na tarehe ya 2027.

Karatasi ya pili ilitoka kwa Idara ya Huduma za Afya ya Jimbo la Texas, chini ya sura ya 773 ya sheria ya afya na usalama ya jimbo hilo. Hii ndiyo inayompa mtu ruhusa ya kumgusa mgonjwa akiwa mhudumu wa dharura ndani ya mipaka ya Texas. Inadumu miaka minne, nayo inahesabiwa kuanzia siku mtu alipopewa, kwa hiyo haina siku moja ya mwisho inayowahusu watu wote kama ile ya 31 Machi. Kila mtu ana tarehe yake. Katika gari moja lenye watu wawili, mmoja ruhusa yake inaweza kuisha mwezi Juni na mwenzake Novemba ya mwaka mwingine, na hakuna atakayemkumbusha mwenzake.

Msomaji aliyezoea utaratibu wa nchi yenye baraza moja la taifa la wauguzi au la madaktari huweza kushangaa kwa nini chombo cha taifa hakitoshi. Nchini Marekani, kumruhusu mtu kufanya kazi ya tiba ni mamlaka ya kila jimbo, na jambo hilo lilithibitishwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo tangu mwaka 1889 katika shauri la Dent dhidi ya jimbo la West Virginia, ambapo daktari aliyekuwa amefanya kazi kwa miaka kadhaa alipinga kudaiwa leseni ya jimbo na akashindwa. Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba jimbo lina haki ya kuwalinda watu wake dhidi ya wasio na ujuzi. Rejista ya Taifa yenyewe husema wazi kuwa haitoi leseni. Inasema huyu anaweza, na jimbo ndilo linalosema huyu anaruhusiwa.

Hapa ndipo lugha ilipomponza mhusika, na katika sehemu hii nina uchungu hasa, kwa sababu mimi ndimi niliyemfundisha na sikuliona. Huko Texas, mhudumu wa ngazi ya EMT hapewi kitu kinachoitwa leseni. Neno hilo limewekewa mafundi wa ngazi ya juu kabisa wenye shahada, na walio chini yao wote hupewa cheti. Kwa hiyo karatasi ya taifa inaitwa cheti na karatasi ya jimbo inaitwa cheti, kwa neno lile lile la Kiingereza, na sisi tulipokuwa tukizungumza Kiswahili darasani tuliziita zote mbili cheti bila kufikiri. Lakini Mswahili anaposema cheti ana maana gani? Cheti cha kuzaliwa hakiishi. Cheti cha kidato cha nne hakizeeki, mtu hukitoa kabatini baada ya miaka 30 na bado kinasema yale yale ya siku ya kwanza. Kinachoisha kwetu ni leseni: leseni ya udereva, leseni ya biashara, ile ambayo mtu akikutana na askari au ofisa anaulizwa tarehe. Kama ningekuwa nimemwambia tangu mwanzo kwamba karatasi ya Texas ni leseni hata kama imeandikwa cheti, naamini angeitunza kama anavyoitunza leseni yake ya udereva, ambayo alibadilisha anwani yake wiki ile ile aliyohamia Fort Worth.

Anwani nayo ina sehemu yake. Idara hutuma taarifa ya kukumbusha kabla ya cheti kuisha, na taarifa hiyo huenda kwenye mawasiliano yaliyomo katika kumbukumbu zake. Mhusika alipohama aliijulisha benki, akaijulisha Rejista ya Taifa na idara ya leseni za udereva, lakini kumbukumbu ya wahudumu wa dharura wa jimbo ilibaki na nyumba ya Abilene na anwani ya baruapepe ya chuo alichosomea, ambayo ilikuwa imefungwa. Kanuni za Texas zinamtaka mwenye cheti atoe taarifa akihama, na zinamwekea yeye wajibu wa kuomba upya, awe amepata ukumbusho au hakupata. Hivyo utetezi wa "sikuletewa barua" haumfikishi mtu popote, hata kama ni kweli tupu.

Tarehe 30 Juni 2025 ilikuwa Jumatatu. Aliingia zamu saa 12 jioni, akakagua gari kama inavyotakiwa: mtungi mkubwa wa oksijeni na mtungi mdogo wa kubebea, mashine ya kunyonya makohozi, mfuko wa kupumulishia wa mtu mzima na wa mtoto, kifaa cha kushtua moyo na vibandiko vyake ambavyo navyo vina tarehe ya kuisha, akavisoma tarehe zake kimoja kimoja na kutia alama katika fomu. Karibu na saa 6 usiku walikuwa barabarani wakimpeleka bibi mmoja kutoka hospitali kwenda makao ya wazee, naye ndiye aliyekuwa nyuma na mgonjwa, mwenzake akiendesha. Bibi alikuwa na mrija wa oksijeni puani, lita 2 kwa dakika. Aliandika presha yake na mapigo ya moyo kwenye kishikwambi cha kazi mara mbili: mara ya kwanza kabla ya saa 6, na mara ya pili baada ya saa 6. Vipimo vilikuwa karibu sawa, na mgonjwa hakuona tofauti yoyote, wala hapakuwa na tofauti yoyote katika mikono iliyomhudumia. Lakini maandishi ya kwanza yaliandikwa na mhudumu wa dharura wa Texas, na ya pili yaliandikwa na mtu ambaye kwa macho ya sheria hakuwa na cheo hicho. Nimeyaangalia maandishi hayo mawili, yana jina moja na namba moja ya kazi chini yake.

Baada ya usiku huo alifanya zamu nyingine tatu, za tarehe 2, 5 na 6 Julai. Kwa jumla zilikuwa safari 11 zilizoanguka baada ya muda kuisha. Kasoro ilionekana tarehe 9 kwa sababu msimamizi mpya aliamua kulipitisha jina la kila mtu aliye katika ratiba kwenye orodha ya jimbo iliyo wazi kwa umma, ambako yeyote anaweza kutafuta jina na kuona hali ya cheti. Akakuta neno linalosema kimekwisha muda. Akatoka nje, akamkuta kijana akipima mtungi wa oksijeni, akamwambia ashuke.

Nilipouliza swali la kwanza katika simu ile, halikuhusu ada wala fomu. Nilimuuliza: "Umemhudumia mgonjwa yeyote tangu msimamizi alipokuambia?" Akasema hapana, yuko kwenye maegesho, amekaa kwenye gari lake mwenyewe. Nikamwambia akae hapo hapo.

Sababu ni hii. Sheria ya Texas, kifungu cha 773.064, inamhesabu kuwa mkosaji wa jinai mtu ambaye kwa kujua anafanya kazi ya uhudumu wa dharura, au anajitambulisha kuwa mhudumu wa dharura, bila kuwa na cheti kinachostahili kutoka kwa idara. Kosa hilo ni la daraja la juu kabisa katika makosa madogo ya jimbo hilo, ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha mwaka 1 na faini ya dola 4,000. Uzito wote uko katika maneno "kwa kujua". Katika safari zile 11 kijana huyu aliamini kwa dhati, akiwa na kadi mfukoni, kwamba yuko halali. Alikosea, na kosa hilo laweza kumletea hatua za kiutawala, kwa sababu idara ina mamlaka ya kumwonya mtu, kumsimamisha au kumtoza faini kwa mujibu wa kanuni zake, lakini ni kosa la mtu asiyejua. Kuanzia saa 11 na nusu jioni ya tarehe 9 Julai hakuwa tena mtu asiyejua. Safari moja tu baada ya hapo, hata ya dakika 10, hata ya kumsaidia mwenzake kuinua machela, ingelibadilisha jina la jambo zima. Na kwa mtu ambaye maombi yake ya uraia wa Marekani yalikuwa yanaandaliwa, ambamo huulizwa kama amewahi kutenda kosa hata asipokamatwa, tofauti hiyo si ya mawakili peke yao.

Nalisisitiza hili kwa sababu ushauri aliopewa kabla hajanipigia ulikuwa wa kirafiki na wa hatari. Mwenzake wa zamu alimwambia aendeshe tu usiku ule, asikae nyuma na mgonjwa, na kesho atengeneze mambo. Lilikuwa wazo la mtu mwema asiyetaka ndugu yake akose mshahara. Lakini Texas inataka gari la wagonjwa la ngazi ya msingi liwe na wahudumu wasiopungua wawili wenye vyeti, na dereva anahesabiwa kuwa mmoja wao. Dereva asiye na cheti halali huliondolea gari zima uhalali wa kuwa kazini, na hapo yule mwenzake mwenye cheti hai angekuwa ameingia naye matatani.

Mwingine alimshauri avuke apate kibarua jimbo jirani kwa kutumia mkataba wa majimbo. Mkataba huo upo kweli, na Texas ilikuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza kuupitisha, mwaka 2015. Unamruhusu mhudumu wa jimbo mwanachama kufanya kazi katika jimbo jingine mwanachama bila kuomba ruhusa mpya, kwa masharti fulani. Lakini haki hiyo inabebwa na ruhusa ya jimbo la nyumbani. Ruhusa ya nyumbani ikiisha, hakuna kinachovuka mpaka.

Ukizihesabu zile karatasi mbili kuwa funguo mbili za kuingilia kazini, kuna ufunguo wa tatu ambao husahauliwa, nao ni daktari msimamizi. Mhudumu wa dharura wa Texas hafanyi tiba kwa mamlaka yake mwenyewe. Hufanya kwa kukasimiwa na daktari aliyetia saini miongozo ya kampuni, na daktari huyo humkasimia mtu mwenye cheti halali cha jimbo. Kwa hiyo usiku ule wa tarehe 30 Juni, ruhusa ya jimbo ilipoisha, saini ya daktari nayo haikuwa na pa kusimama. Daktari hakuwa na habari, wala kampuni haikuwa na utaratibu wa kumpa habari, na kwa maoni yangu huo ni udhaifu mkubwa kuliko kusahau kwa kijana mmoja.

Kuhusu fedha nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu wahudumu wengi hudhani malipo ni shauri la ofisi. Wengi wa wagonjwa wanaosafirishwa kutoka hospitali kwenda makao ya wazee wako katika bima ya serikali kuu ya Medicare. Kanuni ya bima hiyo inasema gari la ngazi ya msingi liwe na watu wasiopungua wawili wanaotimiza masharti ya sheria za jimbo na za mahali huduma inapotolewa, na angalau mmoja wao awe amethibitishwa na mamlaka ya jimbo au ya mahali hapo kwa ngazi ya EMT au zaidi. Meneja wa malipo alitaka kushikilia sehemu ya pili ya sentensi hiyo: mwenzake alikuwa na cheti hai, basi mmoja yupo. Sehemu ya kwanza inamkatalia, kwa kuwa inadai wote wawili watimize sheria ya jimbo, na tumekwisha kuona sheria ya jimbo inasemaje. Malipo ambayo mtoa huduma amegundua kwamba hakustahili kuyapokea yana wajibu wa kuripotiwa na kurudishwa ndani ya siku 60, na kuyakalia kimya kwaweza kugeuka kuwa dai la udanganyifu dhidi ya serikali. Kwa hiyo karatasi ya kurasa mbili ambayo kijana aliiandika usiku ule ule, yenye orodha ya safari zote 11, tarehe, saa, na nani alikuwa nyuma ya gari, ilikuwa na thamani kubwa kuliko alivyodhani. Aliiandika kwa kutetemeka akidhani anajichimbia kaburi. Ndiyo iliyoiwezesha kampuni kusimamisha madai ambayo yalikuwa bado hayajatumwa na kuanza kuyapitia yaliyokwisha kulipwa, na ndiyo iliyoonyesha kwamba mtu huyu hakuficha kitu.

Upande wa kuhuisha cheti chenyewe ulikuwa mwepesi kuliko tulivyoogopa, na nafuu hiyo ilitokana na ile ile kadi iliyompoteza. Texas inampa mtu njia kadhaa za kuhuisha: kwa kuonyesha kuwa cheti chake cha Rejista ya Taifa kiko hai katika ngazi ile ile, kwa kukamilisha saa za masomo ya kujiendeleza, ambazo kwa ngazi ya EMT ni 72 katika miaka minne, kwa kupita kozi rasmi ya kurudia, au kwa mtihani. Yeye alichagua njia ya kwanza. Hata kama asingeweza kuichagua, faili lake la plastiki lingemtosha, kwa kuwa saa 40 za mzunguko wa kwanza na 40 za mzunguko wa pili ni 80. Uwezo wake haukuwahi kuwa na shaka hata siku moja.

Kwa kuwa alichelewa kwa siku 9, aliangukia katika muda wa siku 90 za mwanzo baada ya cheti kuisha, ambazo kwake zilikuwa zinakoma tarehe 28 Septemba. Ndani ya muda huo mtu hulipa ada ya kawaida mara moja na nusu. Baada ya hapo, na kabla ya mwaka kutimia, hulipa mara mbili. Mwaka ukitimia hakuna kuhuisha tena, bali mtu huanza upya kama mwombaji wa mara ya kwanza. Alijaza maombi mtandaoni siku iliyofuata, akarekebisha anwani kabla ya kitu kingine chochote, akafanya mtihani wa sheria na kanuni za fani ambao jimbo linawadai wahudumu, akalipa. Nilimsisitizia jambo moja zaidi: kuwasilisha maombi hakumrudishi mtu kazini. Cheti kinarudi siku kinapotolewa na kuonekana katika orodha ya jimbo, na kikitolewa hakirudi nyuma kuzifunika siku zilizopita. Pengo la siku zile litabaki katika kumbukumbu zake, na kila mwajiri wa mbele atakayeuliza anapaswa kuelezwa kama lilivyokuwa.

Alikuwa na muda mrefu sana wa kuyaepuka yote haya, na hili ndilo linalouma zaidi ninapolifikiria. Texas hupokea maombi ya kuhuisha hadi mwaka mmoja kabla ya cheti kuisha. Mwezi Machi 2025, alipokuwa amekaa mbele ya kompyuta akihuisha cheti cha taifa, dirisha la jimbo lilikuwa limekwisha kufunguka kwa karibu miezi tisa. Kazi ya nusu saa nyingine, akiwa kwenye kiti kile kile na faili lile lile, ingetosha.

Kuhusu nani abebe lawama, sikubaliani na wale waliosema kosa ni la kijana pekee. Sheria inamwekea yeye wajibu wa kwanza na ni haki iwe hivyo, kwa maana cheti ni chake na saini ni yake. Lakini kampuni inayopeleka gari barabarani nayo inawajibika kwa jimbo kuhakikisha kwamba waliomo wana vyeti hai. Katika faili la ajira la mhusika niliambiwa kulikuwa na nakala ya kadi ya taifa tu, iliyosasishwa mwezi Machi, na ofisa wa ajira aliiridhia akiwa na uelewa ule ule aliokuwa nao kijana. Yaani Mmarekani aliyezaliwa Fort Worth, ambaye Kiingereza ni lugha ya mama yake, naye alichanganya cheti na cheti. Nililitaja hili mbele ya kijana makusudi, kwa sababu alikuwa ameanza kusema kwamba yote yamempata kwa kuwa ni mkimbizi asiyejua mambo.

Alikaa bila kupanda gari karibu wiki sita. Mwajiri alimpa kazi ya ghalani, kwa malipo ya chini, ya kuhesabu vifaa na kusafisha magari yaliyorudi, akampa pia barua ya onyo. Cheti kipya kilionekana katika orodha ya jimbo katikati ya Agosti. Msimamizi alimpigia simu asubuhi ile ile kumwita zamuni, naye, kwa kuwa sasa alijua funguo ni tatu, akauliza kwanza kama daktari msimamizi ameshatia saini. Alikuwa hajatia. Alisubiri siku nyingine mbili. Kuhusu pengo lenyewe, hadi ninapoandika jimbo halijamwandikia neno zaidi, na kampuni bado inaendelea kuzipitia safari 11.

Mahesabu yake ya mbele yako hivi. Cheti cha Texas kitaisha Agosti 2029, na dirisha la kukihuisha litafunguka Agosti 2028. Kabla ya hapo ana tarehe mbili za taifa: 31 Machi 2027 na 31 Machi 2029. Akiiacha yoyote kati ya hizo ipite, jimbo halitamnyang'anya kitu siku hiyo, na ataendelea kupanda gari kama kawaida, lakini itakapofika zamu ya Texas njia aliyoitumia safari hii itakuwa imefungwa, na atalazimika kuzionyesha zile saa 72, au kukaa darasani, au kufanya mtihani. Kwa hiyo anaendelea kulijaza faili la plastiki. Ukurasa wake wa kwanza sasa una karatasi mbili zilizobandikwa ubavu kwa ubavu, na juu ya ile ya jimbo, kwa kalamu nyekundu na kwa mkono wake mwenyewe, ameandika neno leseni.